Safari ya Vizazi Vitatu: Jinsi ya Kuchagua Bustani ya Michezo na Mahali pa Kulala

Hili ni somo letu la watu wazima. Fungueni madaftari. Mwenye kalamu mbili amwazime jirani yake. Leo tutasoma namba zaidi kuliko maneno, na namba zenyewe zina kazi.

Jambo letu ni hili. Wengi wetu tuna watoto waliohamia mbali, hasa Marekani na Kanada. Mtoto amefanya kazi miaka kadhaa, amepata jiko au ameolewa, amezaa, na siku moja anapiga simu: "Mama, njoo wewe na baba. Tumeweka akiba. Shule zikifungwa tutakwenda sote, pamoja na watoto, tukakae siku tano kwenye bustani ya michezo. Tuambie mngependa ipi." Kisha analeta picha na karatasi za bei. Bibi anatazama picha. Anaona ngome yenye minara, anaona watoto wanacheka. Anajibu, "Yoyote mtakayochagua, mwanangu. Mimi nitafuata tu."

Hilo ni jibu la adabu, lakini si jibu la kumsaidia mtoto. Katika safari ya namna hii, aliyesema "nitafuata tu" ndiye anayekaa kwenye benchi siku zote tano, amezungukwa na mikoba ya wenziwe, anangoja. Watu wamejinyima muda mrefu ili wazee na wajukuu wapate kukaa pamoja. Wanafika huko, na bibi anageuka mlinzi wa mizigo. Somo la leo ni la kuliepuka benchi hilo.

Kwanza tuelewane maneno. Bustani ya michezo si bustani ya maua, ingawa maua yamo. Ni eneo kubwa lenye uzio. Unalipa kiingilio langoni, na ndani unakuta vyombo vya kupanda: mashua zipitazo katika mifereji, farasi wa mbao wanaozunguka, na magari ya relini yanayopanda juu kama mlima kisha yakashuka kwa kasi mpaka tumbo linakuja kifuani. Mara nyingi mwenye bustani amejenga na hoteli, ili mgeni alale papo hapo. Bustani pamoja na hoteli zake ndivyo tunavyovichagua leo. Wengi huchagua bustani kwanza, hoteli wakaiacha mwisho. Kwa familia yenye wazee, mimi naona afadhali kuanza na hoteli. Sababu yake mtaiona.

Bustani mashuhuri kuliko zote za namna hii ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 katika mji wa Anaheim, jimbo la California, nchini Marekani. Jina lake ni Disneyland. Mwenyewe, Bwana Walt Disney, alikuwa mtengenezaji wa sinema za katuni. Alieleza kwamba wazo lilimjia akiwa ameketi kwenye benchi. Alikuwa akiwapeleka binti zake wawili kucheza katika bustani ya Griffith Park, mjini Los Angeles. Wao walikuwa wakizunguka juu ya farasi wa mbao, na yeye ameketi, anatafuna karanga, hana la kufanya. Akajiuliza kwa nini hapana mahali ambapo mzazi na mtoto wanaweza kufurahi pamoja. Kwa hiyo benchi letu lina historia. Bustani hizi zilijengwa kwa sababu ya mtu mzima aliyechoka kungoja, na bado, kila siku, ndani yake wamo watu wazima wanaongoja.

Sasa andikeni. Namba ya kwanza ni urefu wa mjukuu mdogo.

Mbele ya kila chombo chenye kasi pana alama ya kipimo. Mtoto asiyefikia alama hapandi. Hakuna kubembeleza, hakuna kusema "ni mkubwa huyu, ila mwembamba." Wamarekani hupima kwa inchi, na inchi 1 ni sentimita 2 na nusu na ziada kidogo. Tuchukue mfano wa chombo kimoja kiitwacho Space Mountain, gari la relini liendalo gizani. Kimo California na kimo Florida, na jina ni moja. California wanataka mtoto awe na inchi 40, ndizo sentimita 102. Florida wanataka inchi 44, ndizo sentimita 112. Mtoto wenu akiwa na sentimita 105, California atapanda na Florida atalia. Picha zinafanana, jina linafanana, ila namba ni tofauti. Ndiyo maana twasema mtu asome namba kabla ya kutazama picha.

Mpimeni mtoto ukutani kabla hamjalipa hata senti. Wala msimwahidi chombo ambacho hamjasoma kipimo chake.

Upo utaratibu mzuri wa kuujua hapa. Ikiwa mtoto mmoja hawezi kupanda, mkubwa mmoja hubaki naye huku wengine wakipanda, kisha hubadilishana, na yule aliyebaki hapangi foleni upya tangu mwanzo. Lazima mseme mapema kwa mfanyakazi aliyesimama mlangoni mwa chombo. Lakini angalieni. Mara nyingi watu huona njia rahisi zaidi: wanamwachia bibi mtoto, wanakwenda. Mara moja si neno, kumshika mjukuu ni furaha. Mara ya sita katika siku moja ni kazi ya yaya. Afadhali mkubaliane nyumbani nani atabaki lini, kuliko kugombana mbele ya watu.

Vipo pia vyombo visivyo na kipimo chochote, na hivyo ndivyo vya kuhesabu kwa makini, maana ndivyo ambavyo bibi mwenye miaka 70 na mjukuu wa miaka 3 watapanda bega kwa bega. Kimojawapo ni safari ya mashua iitwayo it's a small world. Ilianza katika maonyesho makubwa ya New York mwaka 1964, na leo imo California na imo Florida. Mashua inapita polepole katikati ya vibonzo vya watoto wa nchi nyingi, wote wanaimba wimbo mmoja. Wimbo huo, nawaonya, utawafuata mpaka kitandani. Familia yenye vizazi vitatu ikipata vyombo vitano au sita vya namna hiyo katika bustani moja, imepata bustani yake, hata kama vijana watanung'unika kidogo.

Namba ya pili: bibi au babu huweza kutembea dakika ngapi kabla ya kuhitaji kuketi? Msikisie. Mzee mwenyewe aende mpaka dukani au msikitini au kanisani, na mtu atazame saa. Siku nzima katika bustani hizi ni kutembea na kusimama, kusimama na kutembea. Langoni wanakodisha viti vya magurudumu, na hakuna aibu ya kukodi kimoja. Wazee wengi wanaotembea vizuri nyumbani hukikodi kwa sababu ya urefu wa siku. Ila msitumaini kwamba kiti kitawapitisha mbele ya foleni. Kwa kawaida mwenye kiti hungoja kama wengine.

Hapa ndipo hoteli inapoingia. Tulinganishe pale California na kule Florida.

Disneyland ya California ni mahali padogo. Pana bustani mbili: ile ya 1955, na nyingine iliyofunguliwa 2001. Malango yao yanatazamana, katikati pana uwanja tu. Ukitoka katika moja, unavuka, unaingia katika nyingine. Hoteli iitwayo Grand Californian ina mlango wake unaoingia moja kwa moja katika bustani ya pili. Hiyo ni ghali. Lakini ng'ambo ya barabara kubwa ya Harbor Boulevard ziko hoteli za watu wengine, nyingi za kawaida, na baadhi yake mtu hutembea kwa miguu mpaka langoni kwa dakika chache. Maana yake ni nini kwa mzee? Maana yake saa saba mchana, jua likiwa kali na magoti yakianza kusema, bibi anaaga, anarudi kulala, na saa kumi na moja jioni anarejea akiwa mtu mpya. Hahitaji kumwomba mtu gari, wala hawakatizi watoto mchezo wao.

Florida ni habari nyingine. Bwana Disney aliona jinsi hoteli na maduka ya watu wengine yalivyoibana bustani yake ya Anaheim, akaamua kwamba mara ya pili atanunua ardhi ya kutosha. Akanunua karibu na mji wa Orlando. Hakuwahi kuiona kazi imekwisha, maana alifariki Desemba 1966. Ndugu yake Roy ndiye aliyeifungua, tarehe 1 Oktoba 1971, na jina lake ni Walt Disney World. Eneo lake linakaribia kilomita za mraba 100. Bustani kubwa ni nne: ya kwanza ya 1971, ya pili ya 1982, ya tatu ya 1989 na ya nne ya 1998. Kutoka moja hadi nyingine kwa kawaida hutembei. Unapanda basi la bure, au mashua, au treni ya reli moja ipitayo juu ya nguzo, au vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, vilivyoanza mwaka 2019. Vyote ni vizuri, na watoto huvihesabu kuwa michezo pia. Lakini kila kimoja kina kungoja kwake. Na vile vibanda vya kamba husimamishwa radi inapopiga.

Kwa hiyo Florida swali kubwa si hoteli ipi ni nzuri. Swali ni hoteli ipi iko karibu na lango mtakalolitumia zaidi. Familia yenye watoto wadogo hulitumia zaidi lango la bustani ya kwanza, iitwayo Magic Kingdom. Hoteli ya Contemporary, iliyofunguliwa 1971, iko umbali wa kutembea kama dakika kumi kutoka hapo, na treni ya reli moja inapita ndani ya jengo lake. Treni hiyo hiyo husimama pia katika hoteli mbili nyingine, Polynesian na Grand Floridian. Zote tatu ni za bei ya juu kabisa. Hoteli za bei nafuu ziko mbali zaidi. Hapo mtaona kwamba fedha mnazolipa zaidi si za mapazia na vikombe vya kioo. Ni za miguu ya bibi.

Namba ya tatu ni ya vyumba, na juu ya hii nitakaa kidogo, maana karatasi za hoteli hazitawasaidia.

Karatasi itasema: "Chumba hiki hulala watu wanne." Aliyeiandika anahesabu vitanda. Vitanda vikubwa viwili, watu wawili kila kimoja, basi ni wanne. Sisi hatuhesabu hivyo. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawalali chumba kimoja, hata kama karatasi inaruhusu na hata kama bei inapungua. Bibi hawezi kuvua kilemba chake mbele ya mkwewe mwanamume na kusema alipumzika. Kijana wa kiume wa miaka 14 na dada yake wa miaka 12 hawawekwi kitanda kimoja. Tena bibi huamka kabla ya alfajiri kusali, na watoto wachanga hulala mchana. Mtoto wenu aliyezoea maisha ya huko huenda akasahau kuuliza, na ninyi mtaona haya kumkumbusha. Matokeo yake ni usiku tano wa watu kulala na nguo zao za mchana, wakigeukia ukutani.

Basi msihesabu watu. Hesabuni vyumba vinavyotakiwa na heshima, kisha mtafute hoteli yenye hesabu hiyo. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni vyumba viwili vyenye mlango katikati. Mkiiomba hiyo, itakeni iandikwe, kwa sababu vyumba viwili vya kawaida vinaweza kuwa ghorofa mbili tofauti. Ya pili ni nyumba ndogo ndani ya hoteli, yenye sebule, chumba cha kulala chenye mlango, na mahali pa kupasha chakula. Kule Florida hoteli ya bei nafuu iitwayo Art of Animation ina nyumba ndogo za namna hiyo za watu sita, zenye bafu mbili. Bafu mbili! Mtu aliyewahi kusafiri na watu sita wenye bafu moja anajua kwamba hilo si jambo la kupita upesi.

Iko hoteli moja Florida ambayo mtoto wenu hataacha kuwatajia. Inaitwa Animal Kingdom Lodge, nayo ilifunguliwa 2001. Majengo yake ni mawili: Jambo House na Kidani Village. Ilipofunguliwa, mikahawa yake ilipewa majina ya Boma na Jiko. Twiga na punda milia wanatembea chini ya madirisha, na nyika mojawapo wameiita Arusha. Karibu nayo, katika ile bustani ya 1998, wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, chenye majengo ya kuigiza miji yetu ya pwani, nacho wamekiita Harambe. Ninyi mnaojua kusoma sasa mtaona mara moja kwamba herufi e moja imepotea njiani. Humo pana safari ya lori katika eneo la wanyama la karibu eka 110, iitwayo Kilimanjaro Safaris. Haina kipimo cha urefu, hivyo bibi na mjukuu wote hupanda, ila lori linatikisika, na mwenye mgongo mbaya afikiri kwanza.

Je, mlale hapo? Fikirini mzee aliyezaliwa Arusha, amesafiri nusu ya dunia, anaamshwa atazame twiga wa Arusha. Wengine watacheka wafurahi, wawaeleze wajukuu waliozaliwa Minnesota maana ya boma na maana ya jiko, na hayo yatakuwa mazungumzo mazuri kuliko ngome yoyote. Katika safari nzima, hapo ndipo bibi anapojua kuliko wote. Kwa sababu hiyo mimi siidharau hoteli hii. Lakini jueni kwamba chumba kinachotazama wanyama kina bei yake ya juu, na kwamba kutoka hapo kwenda kila bustani ni basi, hata ile iliyo karibu. Kwa mzee mwenye magoti mazima, ni chaguo zuri. Kwa mzee wa dakika kumi, afadhali kwenda kutembelea siku moja, mle chakula, muone twiga, mrudi.

Mambo ya majira nitayapitia upesi. Florida wakati wa likizo kubwa, Juni hadi Agosti, ina joto la unyevu kama pwani yetu, na mvua za radi alasiri. Kipindi cha vimbunga ni Juni hadi Novemba. California wakati huo ni kukavu, na usiku hupoa, bibi achukue sweta. Kwa ndugu zetu wa Maskati na sehemu nyingine za Ghuba, Marekani ni mbali. Kwao kiko kisiwa cha Yas huko Abu Dhabi, chenye bustani zilizofunikwa na kupozwa kwa hewa baridi, zikiwemo Ferrari World ya 2010 na Warner Bros. World ya 2018. Ya kwanza ilifunguliwa na gari la relini liendalo kilomita 240 kwa saa. Hilo waachieni vijana. Paa na hewa baridi ndiyo faida ya wazee, kwa sababu joto la Ghuba wakati wa kiangazi halina mzaha.

Tumalizie fedha. Katika bustani zote mbili za Disney nilizozitaja Marekani, mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 haingii kwa tiketi. Wa miaka 3 hadi 9 hulipa bei ya mtoto, ambayo haipungui sana. Kuanzia miaka 10 ni bei ya mtu mzima. Mzee hapunguziwi kwa sababu ya uzee. Bei hubadilika kwa tarehe: siku za likizo ni ghali kuliko siku za kawaida. Tena tiketi ya siku nyingi huwa nafuu kwa kila siku kuliko ya siku moja. Kwa hiyo ulizeni: je, bibi lazima aingie siku zote tano? Tiketi si lazima zifanane kwa watu wote. Bibi anaweza kununuliwa siku tatu, na siku mbili akakaa hotelini kando ya bwawa na mjukuu mchanga asiyelipa. Akiba yake si kubwa kama mtakavyodhani, maana siku za mwisho za tiketi ndizo za bei ndogo. Lakini mapumziko yake ni makubwa.

Sasa kazi ya nyumbani. Chukueni ukurasa mmoja. Andikeni namba tatu za familia yenu: urefu wa mtoto mdogo kwa sentimita, dakika ambazo mzee hutembea bila kuketi, na vyumba vinavyotakiwa na heshima. Chini yake jibuni hili: mtoto ana sentimita 110. Atapanda Space Mountain wapi, na wapi atazuiwa? Mwenye mtoto ng'ambo amsomee namba zake tatu akipiga simu, badala ya kumwambia "nitafuata tu." Majibu tutayasoma pamoja juma lijalo, saa hii hii. Kwaherini.